JOKA LINATAKA NINI KWAKO?

SIMAMA KIDOGO, RAFIKI!

Usiikunje karatasi hii ukaitia mfukoni kabla hujaisoma. Haina bei. Hatukuombi sadaka. Tunakuomba dakika kumi tu. Pengine umekuja kwenye mkutano kusikiliza vyombo na kuangalia watu, au ulikuwa unapita tu na safari zako za stendi, ukapewa. Hata wewe inakuhusu. Soma.

Tunataka kuzungumza nawe habari za joka.

Unacheka? Haya, cheka. Lakini usiondoke.

MAJI YANA MWENYEWE?

Kama umekulia hapa Nangara, Ziwa Babati unalijua. Umewaona viboko wakitoa vichwa jioni. Umeona mitumbwi ya wavuvi. Ukigeuka upande wa pili unauona Mlima Kwaraha na msitu wake. Na tangu utoto huenda umesikia mtu mzima akisema kwa sauti ya chini: "Maji yana mwenyewe. Usipige kelele pale. Usichote pale jua likizama."

Wazee wa Kiiraqw walikuwa na jina la wenyewe hao. Waliwaita netlaamee, pepo wanaokaa kwenye chemchemi na mito. Ng'ambo ya mpaka, Wagikuyu wa Kenya walisimulia juu ya mukunga-mbura, dude la majini ambalo upinde wa mvua ni alama yake. Walisema hutoka majini likala mbuzi na watu. Kwa Wajaluo wa Nyanza, chatu mkubwa aliitwa Omieri, na kuja kwake kulimaanisha mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri mmoja aliungua kwa moto wa nyasi akafa, watu wakamlilia kama mtu. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana Nyakach, wakampa jina lile lile. Wengine walifurahi, wengine wakasema auawe. Kijiji kikagawanyika kwa sababu ya nyoka aliyekuwa anatafuta tu pa kutagia mayai yake.

Ukishuka kusini mpaka Malawi utasikia habari za Napolo, joka linalolala chini ya milima. Likigeuka, wanasema, mlima unabomoka na maji yanashuka. Mwaka 1946 huko Zomba ardhi iliporomoka, watu wakasema ni Napolo. Mwaka 1991 huko Phalombe mawe na tope vilifunika vijiji usiku, mamia wakafa. Wakasema ni Napolo. Na kwenye mto Zambezi Watonga wana Nyaminyami, mwenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki. Wazungu walipojenga bwawa la Kariba, mafuriko makubwa ya 1957 na 1958 yalibomoa kazi yao. Wenyeji wakasema Nyaminyami amekasirika.

SI SISI TU

Usidhani ni mambo ya Waafrika peke yao. Shetani hana kabila, na hofu haina rangi.

Nenda Asia ya Kusini-Mashariki. Kwenye mto Mekong, mpakani mwa Thailand na Laos, watu huamini joka la majini liitwalo Naga. Kila mwaka mwezi wa kumi, Wabuddha wanapomaliza mfungo wao wa msimu wa mvua, maelfu ya watu hujaa kingo za mto huko Nong Khai kutazama mianga myekundu ikipanda kutoka majini, wakisema ni pumzi ya Naga. Na si wanakijiji tu. Mwaka 2022 serikali ya Thailand iliitangaza Naga kuwa alama ya taifa miongoni mwa viumbe vya hadithi.

Nenda Ufilipino. Huko wazee walisema kuna joka liitwalo Bakunawa linalotoka baharini kuumeza mwezi. Mwezi ulipopatwa, watu walitoka nje wakapiga masufuria na kupaza sauti ili joka liuteme. Vuka bahari mpaka visiwa vya Polynesia. Hawaii wana mo'o, mjusi mkubwa anayelinda mabwawa ya samaki. New Zealand Wamaori wana taniwha, anayekaa kwenye vina vya mito. Mwaka 2002 barabara kuu ilikuwa inajengwa karibu na Meremere. Wenyeji wakasema pana taniwha pale, nayo serikali ikakubali kubadili kidogo njia ya barabara. Hiyo ni nchi ya watu wenye ndege na kompyuta, rafiki!

Sasa jiulize. Mtu wa Mekong hajawahi kumwona mtu wa Mbulu. Mtu wa Hawaii hamjui Mgikuyu. Mbona wote wanasema nyoka yuko majini, na nyoka huyo anadai heshima?

USIWACHEKE WAZEE

Kabla hatujaenda mbele, tuweke jambo moja sawa. Hatujaja kuwacheka babu na bibi zako.

Maji huleta uhai, na maji huua. Mtoto anayecheza kwenye kina anazama. Kiboko anapasua mtumbwi. Chatu anapenda kukaa karibu na maji, na chatu wa Afrika anaweza kupita mita tano. Mtu aliyemwona chatu wa namna hiyo kwenye matete, jua linazama, hahitaji kusoma kitabu ili aamini majoka. Huko Indonesia wako mijusi wa kisiwa cha Komodo wanaofika mita tatu, tena ni wanyama wa kweli, wana damu na meno.

Tena ile hofu ilifanya kazi. Chemchemi iliyoogopwa haikuchafuliwa. Msitu wa mizimu haukukatwa. Mtoto aliyeambiwa habari za mwenye maji hakwenda kuogelea peke yake. Leo vijana wengi hawaogopi chochote, nao wanafua pikipiki ndani ya kijito ambacho mama zao wanachota maji. Nani ana akili, mzee aliyeogopa au kijana anayechafua?

Kwa hiyo heshima kwa wazee ibaki pale pale. Lakini heshima ni kitu kimoja, na kuabudu ni kitu kingine. Hapo ndipo shida inapoanza.

JOKA LINA MDOMO

Angalia hadithi hizi vizuri. Kila joka lina mdomo, na kila mdomo unadai. Kwanza linadai kuku. Kisha mbuzi. Kisha ng'ombe mweusi asiye na doa. Mwisho linadai nini? Linadai mtoto.

Kuna hadithi ya zamani ya Wagikuyu juu ya msichana aitwaye Wanjiru. Mvua ilikataa miaka mitatu. Watu wakaambiwa mvua itapatikana kwa Wanjiru. Wakaleta mbuzi, wakawapa wazazi na ndugu zake kama bei. Msichana akasimama katikati ya watu, akaanza kuzama ardhini. Akazama mpaka magoti. Akazama mpaka kiuno. Mvua ikaanza. Akalia kwamba ndugu zake wamempoteza. Kila mmoja wao aliyetaka kumshika alipewa mbuzi, akarudi nyuma. Akazama mpaka shingo, akafunikwa. Mvua ikanyesha, watu wakaenda nyumbani na mbuzi wao.

Umeona? Msichana ameuzwa na watu wanaompenda, tena mchana, mbele ya kijiji kizima. Hakuna hata mmoja aliyejiona muuaji, kwa sababu kila mmoja alipata mbuzi wake.

Hadithi hiyo ina mwisho. Tutaurudia. Ushike moyoni.

BIBLIA INASEMAJE?

Watu wengine hudhani Biblia haizungumzi habari za joka. Inazungumza sana! Fungua mwenyewe, usituamini sisi tu.

Katika Mwanzo sura ya 1 utaona Mungu ndiye aliyeumba viumbe wakubwa wa majini. Zaburi ya 104 inasema Lewiathani, yule mkubwa wa baharini, ameumbwa acheze humo majini. Acheze! Kitu ambacho mataifa walikitetemekea, kwa Mungu ni kama samaki wa kwenye beseni. Basi jambo la kwanza ni hili: mnyama wa majini, hata awe mkubwa namna gani, ni kiumbe. Hana mamlaka juu ya mvua. Hana mamlaka juu ya tumbo la uzazi la mama yako. Aliyeumba ziwa ndiye mwenye ziwa.

Jambo la pili liko Ezekieli 29. Huko nabii anamwita Farao wa Misri joka kubwa linalolala katikati ya mito yake. Kwa nini? Kwa sababu alisema mto ni mali yake, kajitengenezea mwenyewe. Kumbe joka linaweza kuwa mtu! Mtu anayeshika maji ya wengine, riziki ya wengine, akasema, "Hii yote yangu, na mkitaka kuishi mniinamie." Kule Kariba watu walibishana juu ya hasira ya Nyaminyami. Lakini Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kwenye ardhi yenye rutuba ya mtoni, wakapelekwa mahali pakavu. Waliowahamisha hawakuwa na magamba. Walikuwa na kalamu na ramani.

Jambo la tatu ndilo zito. Mwanzo sura ya 3, nyoka anakutana na Hawa. Je, alimuuma? Hakumuuma. Alimmeza? Hakummeza. Alizungumza naye tu. Silaha yake haikuwa meno, ilikuwa maneno. Ndiyo maana Ufunuo sura ya 12 inapomfunua yule nyoka wa zamani, Ibilisi, inamtaja kwa kazi yake: ni mdanganyaji wa ulimwengu wote. Na katika sura hiyo hiyo limesimama joka la vichwa saba mbele ya mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Linangoja nini? Linangoja mtoto azaliwe limmeze.

Umeona tena? Mtoto! Joka halisimami mbele ya mzee aliyemaliza safari yake. Linasimama mbele ya maisha yanayoanza. Linasimama mbele yako wewe.

JE, JOKA LILITOKA HANANG?

Desemba 3, 2023, siku ya Jumapili asubuhi, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu wapatao 89 walipoteza maisha. Ni mkoa wetu huu wa Manyara. Pengine ulikuwa na ndugu kule. Pengine ulizika.

Siku kama hizo maneno huzuka haraka. Wa kwanza atasema mlima umekasirika. Wa pili atasema joka limegeuka. Na wengine, tena wenye Biblia mkononi, husema waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine.

Rafiki, sikiliza. Wataalamu waliotumwa walieleza kwamba volkano haikulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilishiba maji ya mvua nyingi, ikameguka, ikashuka bondeni kama uji. Basi. Hapakuwa na joka. Na kuhusu dhambi, Bwana Yesu mwenyewe aliulizwa jambo la namna hiyo. Luka 13 inasimulia mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Yesu akakataa kabisa kwamba hao 18 walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu. Halafu akawageukia waliobaki hai akawaambia watubu.

Mhubiri akikuambia mama wa Katesh aliyefukiwa na tope alikuwa anaadhibiwa, muulize kama ameisoma Luka 13.

Ziwa letu nalo lilifurika mwaka 1990, maji yakaingia mjini Babati. Hakuna chatu aliyelisukuma. Mvua ilikuwa kubwa, na udongo unaomomonyoka kwenye vilima vilivyokatwa miti hushuka ukajaza ziwa. Ukimtolea joka mbuzi huku unaendelea kukata miti, maji yatarudi. Mbuzi utakuwa umempoteza, na nyumba pia.

MAJOKA YA LEO

Unasema, "Mimi msomi, sina habari na netlaamee." Vizuri. Sasa tukuulize: umewahi kusoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme? Pete ya bahati. Kurudisha mpenzi. Utajiri bila kafara. Namba ya simu chini. Unajua vijana wangapi wamepiga namba zile?

Kijiweni mnasimuliana habari za tajiri fulani mwenye chumba kisichofunguliwa. Mnasema ndani kuna nyoka anayetapika pesa. Mnauita utajiri wa masharti. Na mnaposimulia, macho yenu yanang'aa! Hamwogopi yule nyoka. Mnatamani kujua anapatikana wapi.

Hapo ndipo joka la zamani linapokutana na wewe. Tuseme kuna kijana. Hana kazi, ameshindwa kidato cha nne, wenzake wana pikipiki. Mganga anamwambia, "Nyota yako imefunikwa. Leta laki mbili." Analeta. "Bado. Leta kuku mweusi." Analeta. "Bado. Jini anataka kitu cha damu yako." Unaona ngazi ile ile? Kuku, mbuzi, mtoto. Ni biashara ya zamani kwa sauti mpya. Usisahau miaka ya 2007 na 2008, ndugu zetu wenye ualbino walipokatwa viungo katika nchi hii hii, kwa sababu kuna aliyeambiwa kiungo cha mtu kitamletea dhahabu na samaki. Nyoka mwenye magamba hakuonekana katika mauaji hayo. Ulionekana ule uongo wa bustani ya Edeni, na panga mkononi mwa mtu.

Na sasa twende Mirerani. Ni hapa hapa Manyara, kule Simanjiro. Vijana wengi wa Babati wamekwenda kutafuta tanzanite tangu ilipogunduliwa mwaka 1967. Mnawaita wanaapolo. Unajua wale watoto wadogo waliotumwa kupenya kwenye matundu membamba ambako mtu mzima hapiti waliitwaje? Waliitwa NYOKA. Mtoto wa miaka kumi, tochi kichwani, anatambaa gizani kwa tumbo lake, juu yake mwamba, mbele yake baruti. Aliyemtuma anakaa juu kivulini.

Fikiri kidogo. Wazee walisema nyoka anakaa shimoni anakula watoto. Watu wa kizazi chetu wamemchukua mtoto, wakamwita nyoka, wakamtia shimoni wenyewe! Mwaka 1998 mvua kubwa ilijaza mashimo ya Mirerani maji. Mwaka 2008 ikawa vile vile. Vijana wengi walikufa chini wasiweze kupanda. Leo kuna ukuta kuzunguka machimbo, umezinduliwa 2018, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumia mtoto kazi za hatari. Hilo ni jema. Lakini ukuta wa mawe hauzuii tamaa. Tamaa ikikosa mlango wa Mirerani itatafuta mlango kwako nyumbani.

Kuchimba si dhambi. Kutafuta pesa si dhambi. Mungu hapendi uvivu. Dhambi ni kukubali kwamba mtu fulani azame ili wewe upate mvua.

NA NYOKA WA KWELI JE?

Tuseme wazi ili usipotee. Nyoka wa porini ni nyoka. Hajatumwa na jirani yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini. Wengine hufa kwa sababu walipelekwa kwanza kwa mganga, au kwa mhubiri, saa zikapita. Ukiumwa, usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza. Tulia, usikisogeze kiungo, upelekwe HOSPITALI mara moja. Tuombee njiani! Mungu anasikia hata ukiwa juu ya bodaboda.

Wako waliojaribu kuonyesha imani kwa kushika nyoka. Kule Marekani, George Hensley aliwafundisha watu kushika nyoka wenye sumu kanisani. Mwaka 1955 nyoka mmoja alimuuma, akafa. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu, Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Nasi tunakataa.

Mtume Paulo aliumwa na nyoka kisiwani Malta, Matendo 28. Alikuwa anaokota kuni, si anafanya maonyesho. Watu wa pale kwanza wakasema, huyu ni muuaji, nyoka amemlipa. Alipokosa kufa wakageuka, huyu ni mungu. Mara zote mbili walikosea! Paulo akamkung'utia nyoka motoni, akaendelea na kazi, akawaombea wagonjwa. Hivyo ndivyo mtu wa Mungu anavyomtendea nyoka. Hamwabudu, wala hamtumii kutafuta sifa.

ALIYESHUKA SHIMONI

Sasa turudi kwa Wanjiru. Tulisema hadithi ina mwisho.

Alikuwapo kijana mmoja aliyempenda. Aliposikia kwamba Wanjiru amezama, hakuuliza alipewa nani mbuzi wangapi. Alichukua ngao na mkuki wake, akaenda mahali pale pale, akasimama. Ardhi ikamzamisha naye mpaka ikamfunika. Akaifuata njia ya chini mpaka akamkuta, akambeba mgongoni, akapanda naye juu.

Wazee waliosimulia hadithi hiyo hawakuwa wamesoma Injili. Lakini moyo wa mwanadamu unajua unachokihitaji. Unahitaji mmoja atakayekataa mbuzi. Mmoja atakayeshuka.

Rafiki, huyo mmoja yupo, wala si hadithi. Kila joka duniani limesema, "Nipe mtoto wako." Mungu wa kweli amesema kinyume. Yeye ndiye aliyemtoa Mwanawe. Hakuna dini ya joka inayoweza kusema hivyo! Yesu alikufa Yerusalemu, chini ya liwali wa Kirumi aitwaye Pontio Pilato, akazikwa, akashuka mautini, na siku ya tatu akatoka. Hakutoka peke yake. Anataka kukutoa nawe mgongoni mwake.

Waisraeli walipoumwa na nyoka jangwani, Musa alitengeneza nyoka wa shaba akamwinua juu ya mti. Aliyetazama akapona. Iko Hesabu 21. Baadaye watu wakaanza kumfukizia uvumba yule nyoka wa shaba, mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, 2 Wafalme 18. Alama ikigeuzwa mungu, inavunjwa, hata kama Musa ndiye aliyeitengeneza. Lakini Yesu alipozungumza na Nikodemo usiku alisema kwamba kama vile nyoka alivyoinuliwa, naye lazima ainuliwe. Pale msalabani sumu yote ya nyoka wa Edeni ilimwingia yeye. Yako. Yangu. Ya kijiji kizima kilichorudi nyumbani na mbuzi.

UTAFANYA NINI LEO?

Usiseme kesho. Wanjiru alizama kidogo kidogo. Kwanza magoti tu. Aliyekuja kumsaidia akapewa mbuzi, akangoja kidogo. Wewe umefika wapi? Magoti? Kiuno? Labda ni pombe tu. Labda ni yule bwana mkubwa anayekupa vocha na chipsi na hataki mtu ajue. Labda ni hirizi kiunoni uliyofungwa na mtu unayempenda, nawe unaogopa kuifungua. Labda umeshamwahidi mtu kwamba utamtafutia "kijana mdogo" wa kwenda naye shimoni. Mungu anajua. Bado mkono wako uko juu. Unyooshe!

Kwanza, kubali kwamba umedanganywa, nawe umedanganya. Usimsingizie jirani, wala bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yake ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini.

Pili, acha. Hirizi, namba ya mganga kwenye simu, mpango ule unaoujua. Leo, si baada ya mkutano wa mwakani.

Tatu, mwamini Yesu aliyeshuka kwa ajili yako.

Nne, usikae peke yako. Tafuta watu wanaoomba, wanaosoma Neno, na wasiokudai pesa ili wakuombee. Mtu akikuambia baraka yako ina bei, kimbia, hata kama amevaa suti na ameshika kipaza sauti. Joka lina mdomo, na mdomo huo unaweza kuhubiri.

SALA

Kama uko tayari, omba hivi kwa maneno haya au kwa ya kwako. Unaweza kuomba kwa Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi au Kimbugwe. Mungu anazisikia lugha zote.

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeogopa visivyo Mungu, na nimetamani vya bure. Nimewaona wengine wakizama nikashika changu nikaondoka. Nisamehe. Wewe ulishuka mahali nilipo. Nibebe unitoe. Navunja leo kila ahadi niliyoweka gizani. Kuanzia leo sina bwana mwingine, si wa ziwani wala wa mlimani, si wa shimoni wala wa mjini. Uniandike kuwa wako. Amina."

Umeomba? Basi leo jioni ukipita kando ya ziwa, pita bila kutetemeka. Viboko uwakwepe, maana hao wana meno ya kweli. Lakini maji hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ni Baba yako.

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe mwenzako kijiweni. Na kama unamjua mtoto anayeandaliwa kupelekwa shimoni, usimpe karatasi tu. Mshike mkono.